Gitaa Kavu Lilivyofika Njukini

Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu katika Njukini aliyeuliza ni gitaa lipi limfaalo mwanafunzi anayeanza. Swali hilo ni la watu wenye maduka, na Njukini, pamoja na baraka zake zote za chemchemi na migomba, na njia yake itokayo Taveta ikielekea Illasit na Loitokitok, na Rombo ya Tanzania iliyoketi upande wa machweo chini ya Kilimanjaro, haikujaliwa duka la vinanda. Aliyetamani gitaa aliuliza swali jingine, fupi kuliko hilo na zito kuliko hilo: litatoka wapi? Na jibu la swali hilo, ukilifuata kwa subira, ni sehemu kubwa ya historia ya nchi hii ya mpakani, ya misafara na vita, ya reli na katani, ya askari waliorudi na ya vijana waliokwenda Nairobi wasirudi.

Niliyakumbuka hayo siku kijana mmoja, aniitaye mjomba kwa ujirani wa wazazi wetu, alipokuja kwangu baada ya magharibi, akaamkia, akakaa kimya kwa muda wa adabu, kisha akatoa mfukoni bahasha ya fedha alizozipata kwa kuuza nyanya katika soko la Taveta. “Mjomba,” akasema, “nataka gitaa, na sitaki kudanganywa. Twende ukanichagulie.” Nikamwambia tutakwenda, lakini si kesho wala kesho kutwa, kwa kuwa nilitaka kwanza kuyapanga katika akili yangu yale niliyoyaona na niliyoyasikia kwa wazee, nisije nikamchagulia kijana kwa macho ya mtu aliyekwisha kusahau uchungu wa kidole cha kwanza juu ya uzi wa chuma.

Jina lenyewe ni msafiri mkongwe. Wayunani walikuwa na kinanda cha nyuzi walichokiita kithara. Waarabu wakalipokea jina hilo wakalitamka qithara. Wahispania wakasema guitarra. Waingereza wakalikata mkia. Nasi tukalipata mwisho wa safari, tukaliongezea irabu ya kupumzikia, likawa gitaa. Ndugu yake, udi, alikuja kwetu kwa njia nyingine, njia ya bahari na ya heshima zaidi, maana Sayyid Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliupenda muziki wa Misri hata akauleta katika jumba lake, na kutoka jumbani ukashuka mitaani, hata mwaka 1928 Siti binti Saad akavuka bahari kwenda Bombay kuimba nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Watu wa Taita na Taveta waliokwenda Mombasa kwa kazi au kwa biashara waliweza kuusikia udi na gambusi barazani, lakini kusikia si kujifunza. Udi hauna freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyoikata shingo ya gitaa kwa vipimo. Kidole kikikosea kwa unene wa unywele sauti huharibika, na asiye na mwalimu wa kumkalia ubavuni atahangaika umri mzima. Gitaa limekwisha kupimiwa sauti zake na fundi kabla halijatoka mikononi mwake, na kwa sababu hiyo mtu aliye peke yake kijijini, asiye na ustadhi wala kitabu, anaweza kulibana likamjibu sawasawa. Naona hiyo ndiyo siri ya gitaa kuushinda udi huku bara, wala si uzuri wa sauti. Kwa uzuri wa sauti mimi ningali upande wa udi.

Wala isidhaniwe kwamba kabla ya gitaa nchi ilikuwa bubu. Wadawida, yaani Wataita, walikuwa na mwazindika, ngoma ya kupungia pepo, ambayo mshindo wake haumwachi mtu akae kitako. Na Taveta, tangu kabla ya Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, kugawana nchi, ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda Uchagani na Umasaini, ambapo wasafiri walipumzika katika msitu wenye maji, wakala ndizi, wakatunga shanga zao katika nyuzi tayari kwa biashara ya mbele. Kiswahili kilikaa hapo kabla ya serikali kukaa. Kisha wakaja wamisionari: wa Church Missionary Society (CMS) walifika Sagalla mwaka 1883, na baadaye Taveta, ambako kuanzia 1895 walitoa gazeti lililoitwa Taveta Chronicle, na mapadri wa Kikatoliki wakajenga Bura mwaka 1892. Watu hawa hawakuleta gitaa, na wengi wao lau wangaliliona mikononi mwa kijana wangalilihesabu katika orodha ya mambo ya kukatazwa. Lakini walileta nyimbo za sauti nne, na mtoto aliyesimama kanisani akashika sauti ya tatu huku mwenziwe akishika ya kwanza, alikuwa tayari anajifunza, pasipo kujua, namna nyuzi tatu za gitaa zinavyobanwa pamoja zikapatana. Sikio lilitangulia, mkono ukafuata baada ya miaka hamsini.

Kilichouleta mkono ni vita. Mwezi wa Agosti 1914 Wadachi waliiteka Taveta, na Waingereza, kwa kuwa nchi iliyo kati ya Voi na Taveta ni nyika kavu isiyo na maji ya kunywesha jeshi, wakatandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi kupita Maktau. Mnamo 12 Februari 1916 walipigwa vibaya katika kilima cha Salaita, mwezi wa Machi wakapata njia kati ya Latema na Reata, na reli ikasonga nyuma ya askari mpaka Kahe, ikaungana na ile ya Wadachi itokayo Tanga kwenda Moshi. Reli iliyojengwa kubeba mizinga haikung'olewa baada ya amani. Ikabaki kubeba watu na bidhaa, na kwa njia hiyo Taveta, ambayo hapo kwanza ilikuwa kituo cha waendao kwa miguu, ikawa kiungo kati ya Mombasa na Tanga, miji miwili ya bandari, na katika bandari ndimo vinanda vigeni hushuka kwanza.

Ndipo katani ikafuata reli. Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyevuma kwa safari yake ya kutoka Rasi hadi Kairo, alimiliki ardhi kubwa karibu na Taveta, akajijengea juu ya kilima cha Girigan jumba ambalo watu huliita ngome mpaka leo. Na katika mashamba ya katani ya Taveta, kama katika yale ya Mwatate na Voi, wakaja vibarua wa kila kabila. Mtu asiyepata kuishi kambi ya katani hawezi kukadiria upweke wa jioni zake. Kazi hupimwa kwa mizigo, mwiba huchoma, jua halina huruma, na saa kumi na mbili magharibi wanaume waliotoka pande mia hukaa mbele ya vyumba vinavyofanana, bila mama wala mke wala ngoma ya kwao. Gitaa lilizaliwa upya katika jioni kama hizo. Hali ilikuwa vivyo hivyo upande wa pili wa reli, maana Tanga nayo iliishi kwa katani, na moja katika bendi zake mashuhuri, iliyokuja kuitwa Jamhuri Jazz, hapo kwanza iliitwa Young Nyamwezi, jina ambalo lenyewe ni kumbukumbu ya watu waliotoka mbali. Kinanda kilichoweza kuingia ndani ya behewa la daraja la tatu juu ya mapaja ya mwenyewe, kisichohitaji watu wanane wa kukiitikia kama ngoma, kilimfaa kibarua kuliko chochote.

Vita ya pili ilimaliza kazi iliyoanzwa na ya kwanza. Maelfu ya askari wa King's African Rifles walipelekwa Ceylon, India na Burma, na jeshi likaunda kikosi chake cha burudani chini ya Peter Colmore, ambamo alikuwamo Fundi Konde wa Pwani, kijana aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye baada ya vita alikuja kuwa mpiga gitaa wa kwanza kujulikana kote Kenya. Askari walirudi na cherehani, na baiskeli, na makoti, na baadhi yao na magitaa. Kuna jambo moja la ajabu la vita hiyo ambalo wapigaji wengi hawalijui: hapo zamani nyuzi laini za gitaa zilifanywa kwa matumbo ya wanyama, lakini vita ilipokuja, matumbo hayo yalitakiwa hospitalini kwa kushonea majeruhi, na mafundi wa gitaa wakalazimika kutafuta badala yake; hivyo ndivyo nailoni, iliyokuwa kitu kipya wakati huo, ilivyoingia katika muziki katika miaka ya 1940. Kijana wa leo anaposimama dukani akiulizwa, “Nyuzi za nailoni au za chuma?” anaulizwa swali lililotungwa na majeruhi wa vita.

Sasa nimefika penye utamu wa habari yangu, nami naomba msomaji asinihimize. Huko Afrika Kusini ilikuwako kampuni ya Gallo, iliyopiga sahani za santuri kwa chapa ya Gallotone, na kampuni hiyo hiyo ikatengeneza katika Durban magitaa ya bei ya chini kwa jina hilo hilo. Yalikuwa magitaa madogo, mepesi, ya mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, na ndani ya tundu la kila moja ilibandikwa karatasi yenye dhamana kwamba halitapasuka. Watu wa Afrika Mashariki hawakuwa na haja ya kutamka jina lote. Likawa galatoni, na baada ya muda mfupi kila gitaa lisilotumia umeme likaitwa galatoni, kama kila dawa ya meno ilivyowahi kuitwa kwa jina la kampuni moja. Na asije mtu akadhani kwamba gitaa la maskini lilikuwa la maskini wa Afrika peke yao. Mwaka 1957 kijana mmoja wa Liverpool, John Lennon, alinunua kwa njia ya posta gitaa la Gallotone, na ndilo alilokuwa nalo tarehe 6 Julai mwaka huo katika sherehe ya kanisa la Woolton, siku alipokutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney. Galatoni la Liverpool na galatoni la Afrika yalikuwa na ukali ule ule juu ya ncha za vidole.

Chapa hiyo hiyo ilileta na mwalimu. Mwezi wa Februari 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alimkuta Jadotville katika Katanga, mji uitwao leo Likasi, kijana wa Bunkeya aitwaye Mwenda Jean Bosco, akampiga picha ya sauti; na sahani zilizotoka kwa chapa ya Gallotone, yenye wimbo Masanga ikiwa mojawapo, zikaenea kuliko barua. Bosco alipiga kwa vidole viwili. Dole gumba lilitembea juu ya nyuzi nene za chini kama mtu anayepanda kilima bila haraka, na kidole cha shahada kikacheza juu ya nyuzi nyembamba kama mtoto anayemzunguka babaye njiani. Na asikiaye kwa mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikuja Nairobi kwa mkataba wa kuitangaza Aspro, dawa ya kutuliza maumivu ya kichwa, na mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, akaja vilevile, na wote wawili walipitia mikono ya yule yule Colmore wa kikosi cha burudani. Nao waliimba Kiswahili, Kiswahili cha Katanga chenye ladha yake, lakini kilichoeleweka Njukini pasipo mkalimani. Upande wa magharibi wa Kenya George Mukabi na wenziwe wakatoa mtindo wao wa omutibo, wenye kugongwa kwa chupa ya Fanta pembeni kuishikilia hesabu. Huku kwetu hatukupata mtindo wenye jina. Tulipata mchanganyiko, nao ndio ulio tabia ya mpaka.

Nilipokuwa mtoto, gitaa halikununuliwa, liliundwa. Lilihitajika debe la mafuta lenye pembe nne, au kopo la galoni moja, na ubao wa mbavu ya kitanda kwa shingo, na waya wa breki ya baiskeli, ambao ukiufumua hutoa nyuzi nyembamba za chuma zinazolia vizuri na kukata vidole vizuri zaidi. Freti tulizitia kwa spoku zilizokatwa, au hatukuzitia. Hatukuwa na kipimo, na kwa hiyo kila debe lilikuwa na elimu yake peke yake, isiyopatana na debe la jirani. Wawili wakitaka kupiga pamoja iliwapasa kwanza kugombana. Mzee mmoja wa kijiji, aliyepata kufanya kazi katika katani na ambaye alikuwa na galatoni la kweli lililoning'inia ukutani juu ya kitanda, alitusikia siku moja akatoka nje na kusema neno ambalo sijalisahau: kwamba debe humfundisha mtu hamu, lakini haliwezi kumfundisha sauti, na kwamba afadhali mtoto apige meza kuliko kulizoesha sikio lake uongo. Tukamchukia kwa wiki nzima. Alikuwa na haki.

Gitaa langu la kwanza lilitoka Moshi. Hilo halikuwa jambo la kustaajabisha, kwa sababu tangu zamani mtu wa Njukini akihitaji kitu kizuri alitazama Uchagani, ambako fedha za kahawa zilikuwa zimejaza maduka. Na mpaka mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa noti zake, shilingi ilikuwa moja pande zote mbili. Nililinunua mwaka 1976, kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja, nikilichagua kwa sababu mbili, rangi yake nyekundu na bei yake, na sikujua kwamba lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni. Mwezi wa Februari 1977 mpaka ukafungwa, kwa ugomvi wa wakubwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, na ukakaa umefungwa mpaka mwishoni mwa 1983. Nyuzi zangu zikakatika moja moja. Rombo niliiona kila asubuhi kwa moshi wa jikoni zake, wala sikuweza kuvuka kwenda Moshi kununua uzi. Kwa ujinga wa ujana nikafanya nililolizoea tangu utoto: nikafunga waya wa breki. Lilitoa sauti kubwa ajabu, nikajiona fundi, na usiku wa tatu, ilhali nimelala, likalia mlio mmoja kama bunduki ya mbali. Asubuhi nikalikuta daraja, kile kipande cha mti kishikacho nyuzi tumboni, kimeng'oka na ngozi ya ubao juu yake.

Miaka ilipita kabla sijaelewa sababu. Magitaa kavu, yaani yasiyotumia umeme, ni koo mbili, na anayeanza hana budi kuzijua. Ukoo wa kwanza ni wa Hispania, na umbo lake la leo lilitulizwa katika karne ya kumi na tisa na Antonio de Torres wa Almería, ambaye gitaa lake lenye nyuzi za urefu wa sentimita 65 limekuwa kipimo cha wote waliofuata. Tumbo lake ni jepesi, shingo yake ni pana, na nyuzi zake laini, zote sita kwa pamoja, huvuta kwa nguvu ya kilo arobaini hivi. Ukoo wa pili ni wa Marekani, ambako Mjerumani aitwaye Martin alihamia mwaka 1833 akafungua karakana ambayo kizazi chake kiliiendesha mpaka mwaka 2021; huko ndiko gitaa lilikoimarishwa mbavu kwa ndani lipate kustahimili nyuzi za chuma, ambazo huvuta kwa kilo sabini hivi. Mimi nilikuwa nimemtwika punda mzigo wa ngamia.

Katika miaka hiyo hiyo ya kufungwa kwa mpaka tulitazama Nairobi, na Nairobi ilikuwa na watu wetu. Fadhili William, ambaye jina lake la ukoo, Mdawida, linamtaja kabila, ndiye aliyeiweka Malaika katika santuri akiwa na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, wimbo ambao Harry Belafonte na Miriam Makeba waliupeleka Marekani katika sahani yao ya 1965; ugomvi juu ya nani aliyeutunga, ambamo jina la Adam Salim hutajwa pamoja na mengine, haukumalizika hata Fadhili alipofariki mwaka 2001. Na mwaka 1977, mwaka ule ule wa mpaka, Habel Kifoto na bendi yake ya jeshi, Maroon Commandos, wakatoa Charonyi Ni Wasi kwa Kidawida, na nchi nzima ikaicheza lugha isiyoijua. Lakini hayo yalikuwa tayari magitaa ya umeme. Kijana wa Njukini alisikia Kifoto redioni, akachukua galatoni la babu, akashangaa kwa nini halilii vile.

Wazee waliobahatika kuchagua, walichagua namna gani? Nimewauliza wengi, na majibu yao, ukiyaweka pamoja, yanashinda maneno ya wauzaji. Kwanza hawakulitazama gitaa usoni. Walilishika kama mtu ashikavyo bunduki, kitako begani na jicho juu ya shingo, wakitazama kama mstari wa freti umenyooka au umepinda kama upinde, maana shingo iliyopinda haina tiba ya kijijini. Kisha walipima kimo cha nyuzi juu ya shingo, pale inapokutana na tumbo: mmoja aliniambia alichomeka sarafu mbili chini ya uzi, na zikipenya bila kugusa aliliacha, kwa kuwa nyuzi zilizo juu mno humchosha mwanafunzi kabla ya wimbo wa kwanza. Mafundi wa sasa husema milimita mbili na nusu au tatu katika freti ya kumi na mbili kwa nyuzi za chuma, na zaidi kidogo kwa nailoni. Sarafu za mzee hazikukosea sana. Halafu walibana uzi mmoja katika kila freti, mmoja mmoja bila kuruka, wakisikiliza kama upo mahali unapotetema kama nzi ndani ya chupa. Walivizungusha vigingi vya kichwani kuona kama vinashika au vinateleza. Walibisha hodi mgongoni kwa kifundo cha kidole. Rangi walikuwa wa mwisho kuitazama, na mimi, kama nilivyokwisha kuungama, nilianzia huko.

Jambo moja walilijua ambalo wauzaji wa mjini hawalisemi, ambalo ni hali ya hewa yetu. Njukini ina unyevu wa mlima na wa chemchemi. Ukishuka kupita Taveta kuelekea Voi unaingia katika ukavu unaopasua midomo. Mti hunywa unyevu ukavimba, ukakauka ukanywea, na gitaa lililosafiri kati ya nchi hizi mbili ndani ya siku moja huwa kama mtu aliyetolewa kwenye maji baridi akatiwa tanuruni. Ubao mmoja wa msonobari wa Ulaya, unaosifiwa kwa sauti yake, ndio upasukao kwanza. Ubao wa tabaka, unaodharauliwa na wajuzi, huvumilia. Kwa hiyo ile karatasi ya dhamana ndani ya galatoni haikuwa mzaha mtupu, na kwa mwanafunzi wa nchi hii ningali nashauri tabaka kabla ya ubao mmoja, hata kama mfuko unaruhusu. Na hapa siwezi kujizuia kutaja kwamba mpingo, mti mweusi uotao katika nyika za Kenya na Tanzania, huvukishwa bahari ukafanywa zumari na hata mbao za shingo za magitaa ya fahari, ukarudi kwetu kwa bei ambayo aliyeukata hawezi kuilipa.

Basi tulikwenda, mimi na kijana wangu, tukapita Salaita kwa barabara ya lami ambako wenzetu walipita kwa garimoshi, tukashuka Voi, na kwa kuwa Voi hatukuridhika tukaendelea mpaka Mombasa. Magitaa yalikuwa mengi kama samaki sokoni, karibu yote ya Uchina. Kijana alikuwa amekwisha kutazama mafunzo katika simu yake, akajua majina ya miti nisiyoijua. Lakini alipoona moja jekundu, nikaona jicho lake limefanya lile lililofanywa na langu mwaka 1976. Sikusema neno. Nikampa mkononi magitaa matatu, nikamwambia afumbe macho, apige kila moja kwa dole gumba peke yake, kisha abane freti ya kwanza kwa kidole dhaifu. La pili alilirudisha mara moja, akisugua kidole. Jekundu lilikuwa hilo la pili. Akachagua la tatu, la rangi ya mbao tupu, lenye nyuzi za nailoni, kwa kuwa nilimwambia vidole vya mkulima wa nyanya vina ugumu wa nje tu, na mwezi wa kwanza wa chuma umewafukuza wengi kuliko wazazi. Muuzaji akatutilia mfukoni kapo ya chuma, kile kibano cha kupandisha sauti, kama zawadi.

Tulifika Njukini usiku. Asubuhi, kabla umande haujakauka, yule mzee wa galatoni, ambaye sasa ana miaka mingi na macho machache, alikuwa ameketi uani akingoja, maana habari hapa hutembea kwa miguu yake yenyewe. Kijana akamwamkia, akamwekea gitaa mapajani. Mzee hakuuliza bei wala jina la kiwanda. Akapitisha gumba chini ya nyuzi kupima kimo chake, akanyamaza, kisha akaomba penseli na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Kijana akamwambia, “Babu, kibano kimo mfukoni, kipya.” Mzee akatikisa kichwa. Akaletewa penseli na mpira, akailaza penseli juu ya freti ya tatu, akaufunga mpira kwa mizunguko mitatu na meno, na dole gumba likaanza kupanda kilima bila haraka, huku kijana ameinama hata kichwa chake kikakaribia kuugusa mkono ule, akitazama kidole kipi kinatangulia.